Umri wa Maji ya Kisima Chetu

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unaamka umejikunja kama shati lililokamuliwa? Mimi ni mzima, ila baridi ya maabara imenivalisha masweta mawili. Msalimie kaka na mkewe. Nasikia mtoto ameota jino na tayari anauma watu.

Chupa zako zilifika salama, ile ya kisimani na ile ya shimo la maji machafu nyuma ya kibanda chako cha udobi. Ulivyozizungushia vitambaa, mkuu wetu aliuliza kama ndani kuna mtoto mchanga.

Uliniuliza nafanya nini hasa huku, maana watu wakikuhoji unajibu tu kwamba mwanao anafanya kazi na maji. Ni hivi. Mvua hushuka na chembe chache mno za mionzi kutoka angani, zisizomdhuru mtu, nazo hufifia mwaka hadi mwaka. Mashine yetu huzihesabu katika chumba cha chini, kimya kabisa, nasi tukajua mvua hiyo ni ya lini. Yapo maji yasiyobaki na hata chembe. Yalinyesha enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Nikishika kichupa chake nahisi nimeshika usingizi wa mtu.

Siku nilipoyaweka mashineni maji ya kisima chetu nilisinzia kitini. Nikaota ni mdogo, nimekaa ndani ya beseni lako, mashuka yanapepea juu yangu, na matone yanashuka polepole, mengine yakighairi na kurudi juu.

Najua kwa nini ulizituma chupa zile. Mshona nguo wa jirani amekutangaza mtaa mzima kwamba kisima kinatoa povu kwa sababu yako, nawe ukamjibu kwamba chini kuna mwamba, maji yale ni ya kale, hayajui sabuni ni kitu gani. Ukaniambia nipime, nimfunge mdomo.

Mama, maji yetu si ya kale. Ni mvua ya juzijuzi, inayopenya ardhini upesi kuliko sote tulivyodhani. Na maji yaliyokaa juani shimoni, yakikauka kidogo kidogo, hubaki na alama ya jua hilo, kama shuka lenye mkunjo. Alama hiyo nimeikuta kisimani. Sikuamini; nikampa mwenzangu apime upya bila kumwambia ni ya nani. Akapata vilevile. Nimehangaika kutafuta maneno, maana kila kitabu nilichosoma kilitoka kwenye mikono yako iliyochubuliwa na sabuni hiyo. Lakini ofisi ya maji, inayopelekewa kila kipimo chetu, inasubiri majibu, na nimeshayatia sahihi. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza.

Nisikilize kabla hujakasirika. Maji ya kale yakichafuka, ndiyo basi tena. Ya kwetu ni machanga. Shimo likihamishiwa bondeni, mbali na kisima, misimu michache ya mvua itakisafisha. Nimeomba likizo. Mimi na kaka tutachimba. Kwa mshona nguo twende wote wawili, nami ndiye nitakayeongea.

Kwa sasa usinywe ya kisimani, wala usimpe mtoto. Nakukumbatia kwa mbali, mpaka nitakapokukumbatia kwa mikono.

Mwanao,
Chiriku