Mtoto Alie Ndani ya Kuta Nne

Jumatatu, 1 Machi 1311

Leo Idonea ameingia chumba cha uzazi. Mapazia yameshushwa, wanawake tu ndani — na mimi, mume mtu, nimegeuka mgeni kwenye ngazi zangu mwenyewe. Golda mkunga anasema wiki moja, pengine mbili. Mbili! Nitapasuka.

Ngazi zangu? Hapa hasomi mtu, niseme kweli. Wexcombe yote, nyumba na mashamba, ni ya Idonea, karithi kwa babake. Akifa bila mtoto, inakwenda kwa Warin, baba yake mdogo, nami natoka na farasi wangu na mbwa wangu. Akizaa, hata mtoto akivuta pumzi tatu tu, mimi nakaa hapa mpaka kufa. Ila lazima mtoto asikike akilia ndani ya kuta nne, na wanaume ndio waape kwamba walimsikia. Mkunga aliyempokea haulizwi! Na mwanaume haruhusiwi kuingia. Aliyetunga sheria hii alikuwa mlevi.

Jumatano, 3 Machi

Warin kafika. Na masanduku matatu! Eti amekuja kumwombea mtoto wa kaka yake. Kaukagua ukumbi kwa macho hadi darini, kisha akauliza kama paa la zizi linavuja.

"La kwako je, Bwana Warin?" Mama yangu akamuuliza. "Maana ningekuwa wewe ningekuwa kwangu naziba."

Nimekwenda kucheka zizini. Mlo: samaki wa chumvi tena. Hii Kwaresima itatumaliza.

Ijumaa, 5 Machi

Mama kapanga mashahidi. Wanne: Padri Osbert, Thurstan msimamizi wetu, na majirani wawili. Kila ukuta na mtu wake. Jirani mmoja atasimama uani chini ya dirisha, mvua inyeshe isinyeshe. Mama anasema binamu yake alipokonywa kila kitu kwa sababu mtoto alilia mara moja tu, mashahidi wakiwa mezani. "Hawa wetu watakula wamesimama," kasema. Mbwa wamepelekwa kwa msaga nafaka. Mhunzi kakatazwa kugonga chuma.

Nimemweleza Idonea kupitia mlangoni. Akacheka.

"Hamo, mtoto umemwekea watu wanne. Mimi je, umeniwekea nani?"

Nikamtajia ule mshipi wa mtakatifu tuliouazima kwa watawa, wa kumfunga tumboni ajifungue salama.

"Haya, bwana'angu," akasema. "Nenda kale."

Nilikwenda kweli. Nikala! Mjinga mimi.

Jumapili, 7 Machi

Bado. Nimezunguka uani mpaka bata wamenizoea. Padri kahubiri subira huku ananikodolea macho.

Nampenda. Tuliozeshwa na wazee, miaka minne sasa, na sijawahi kumtamkia. Akitoka nitamwambia.

Jumanne, 9 Machi

Uchungu ulianza alfajiri. Mama kafungua kila kufuli na kila fundo nyumbani, hata kamba za viatu vyangu, ili mtoto asikwame. Mashahidi wakashika kuta zao. Warin naye kaja kubandika sikio, apate la kubisha.

Idonea alipiga kelele. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Saa moja, mbili, tatu. Nilitaka kuvunja mlango.

Warin akatabasamu. "Kwa makelele haya, nani ataapa kamsikia nani?"

Thurstan akaninong'oneza, "Kasema kweli huyu. Bibi akipunguza kidogo tu, bwana."

Nikaenda mlangoni. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. "Idonea, mke wangu, jikaze. Usipige kelele. Mtoto asikike."

"Sawa," akasema.

Akanyamaza. Sijui aliuma nini, nguo au mkono wake. Akanyamaza kabisa.

Karibu na adhuhuri mtoto akalia. Kwa nguvu! Wote wanne wamesikia, hata wa uani. Thurstan karusha kofia, Mama kanikumbatia, Padri kaandika majina yao. Warin kashuka, akaagiza farasi wake atandikwe. Wexcombe ni yangu mpaka kufa. Wa kike au wa kiume? Hakuna aliyeuliza. Hata mimi.

Naandika kwa kalamu ya Padri, nimekaa sakafuni mlangoni. Nimewafukuza wote washuke, walikuwa wanashangilia mno, sisikii kitu. Nasikia maji yakimiminwa. Nasikia wanawake wakikimbia. Nimegonga. Golda kasema, "Ngoja, bwana," na hakunitajia mke wangu.

Nimegonga tena. Nimemwambia Idonea kwamba nampenda. Nimemwambia sasa apige kelele, apige atakavyo, nyumba nzima isikie.

Anayelia ni mtoto tu.