Ngazi ya Pikapu

Mama Kui,

Maziwa iko jikoni, imeshachemka. Kuku usiwafungulie kabla ya saa nne, kuna mwewe. Nimetoka na mama yako, nampeleka kwake Ndabibi na pikapu mpya.

Sasa, ile maneno yako ya kuiwekea ngazi ya kukanyaga mlangoni. Nilikucheka, nikasema hii si basi, nikachagua spotilaiti badala yake. Leo asubuhi ukiwa sokoni, mama amefika kwa mlango wa gari, akainua mguu, mguu ukakataa. Kiti kinamfikia kifuani. Mimi ni mkwe wake, siwezi kumshika kiuno nimsukume. Yeye naye hawezi kuniomba. Tumesimama hapo tukiongea juu ya mvua mpaka tukaimaliza mvua yote.

Mwishowe nimeegesha kando ya kile kilima cha udongo tunachopakilia ng'ombe, nikageuka nikaangalia ngano. Akaingia mwenyewe.

~~Usiambie mtu.~~ Ameshapigia dada zako wote, anawaambia amepakiwa kama mtamba.

Kwa hivyo tunapitia Nakuru kwa fundi. Spotilaiti zinarudi dukani, ngazi inawekwa, na mama amesema hashuki mpaka iwekwe. Nimemwambia kuna za plastiki na za chuma, na ya plastiki inamtosha. Amekataa. Anataka ya chuma, ile itakaa miaka, kwa sababu Kui ataolewa siku moja, na magoti yako ni kama yake.

Niachie chakula.

Baba Kui