Stetimenti Niliyoingiza Mara Mbili

Mama Nekesa,

Mimi ni mzima, ni magoti tu. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha kiwandani, kile ulinitukania nacho siku nilikukanyaga kwa foleni ya chai.

Nimechoka, sitakuficha. Tangu tukuzike, kila mtu ananiambia, Mzee, uza zile nyumba sita za kupangisha kule Kimbo, hesabu hutaiweza. Mimi! Mtu aliyeendesha mashine ya uzi miaka thelathini na vidole vyote viko! Basi nikafungua kompyuta yako. Nekesa alinionyesha mara moja: shusha stetimenti ya benki, halafu uiingize kwa ile programu yako ya hesabu. Nikamwambia binti yako rudi kwako Ruiru, nimeshajua.

Mwezi uliopita nikaiingiza. Nikaona kama haijaenda. Nikaiingiza tena. Ikaniuliza kitu kwa Kizungu, nikabonyeza kukubali, kama kawaida yangu. Wee, pesa zikajaa! Nikasema, ona, mwanaume ameshika hesabu mwezi mmoja tu na boma limeamka.

Jumapili kukawa na harambee ya mabati ya kanisa. Unajua vile mimi huwa nikipewa kipaza sauti. Nikaahidi elfu thelathini. Makofi, vigelegele, mchungaji akanikumbatia.

Halafu Nekesa akaja kunisalimia, akaangalia kompyuta, akashika kichwa. "Baba! Umeingiza stetimenti mara mbili! Hapa kila mpangaji amelipa kodi mara mbili, hata huyo fundi viatu wa kulipa kwa kusukumwa!" Kumbe kwa benki kulikuwa na nusu, na hiyo nusu ni ya stima na choo kilichobomoka. Ningerudi kanisani niseme nini, mzee mzima?

Alitaka kufuta yeye. Nikakataa. Nikakaa nafuta mstari mmoja mmoja, kwa kidole kimoja. Na ile programu bado inakumbuka majina uliyoifundisha. Kila pesa ikiingia ama ikitoka, inaipachika jina ulilotunga wewe: Mlango wa kona. Maji. Fundi viatu, msumbufu. Nikawa ni kama nakusikia. Halafu nikafika kwa elfu moja inayoenda sacco, kile chama cha akiba, kila mwezi. Umeiandika: Mdomo wa Baba Nekesa.

Nikamwita Nekesa anisomee na yeye. Alicheka mpaka akalia. Akaunti ya huko sacco iko kwa jina langu. Ndiyo ile karatasi uliniambia, "weka sahihi hapa, usiulize," na mimi mjuaji nikaweka. Ndani kuna elfu thelathini na nne, Mama. Ulijua siku moja nitasimama, na wewe hauko wa kunivuta koti nikae chini.

Ahadi nimelipa. Kanisani wanasema huyu mzee ni mwamba. Sikuwaambia kitu. Nakuambia wewe tu.

Kwa kompyuta, huo mdomo pia ulikuwa umeingia mara mbili. Mmoja nimeufuta. Huo mwingine nimeuacha, na elfu moja itaendelea kwenda kila mwezi, maana sidhani nitanyamaza. Na stetimenti nitakuwa naiingiza mara moja tu, halafu ningoje, hata ikichelewa namna gani.

Pumzika, Mama. Koti nimelitundika pale pale mkono wako ulikuwa unafika.

Ni mimi,
Baba Nekesa