Mchungaji niliyemfuta

Jumatano. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na leo sina moyo wa kumpenda mtu yeyote.

Nimetoka saiba ya mtaa wa Bwiza, penye kompyuta za kukodi. Niseme wazi: watu hawajui kutafuta kwenye mtandao. Wanaiandikia kompyuta kama wanamwandikia mkubwa wa serikali. Baba Saidi, fundi wa pikipiki anayekaa kando yangu kila Jumatano, leo ameandika: "Asalaam aleykum, naomba kabureta ya pikipiki." Salamu kwanza! Nimecheka mpaka mwenye saiba akageuka.

Mimi ni sekretari, nimefunzwa. Jina naliweka ndani ya alama za kunukuu ili maneno yasiachane. Nisichokitaka nakiwekea alama ya kutoa mbele yake, na kurasa zake zote zinapotea. Ujuzi huo umenivimbisha kichwa.

Huu ni mwezi wa tatu namtafuta kaka yangu Melkiade, aliyekimbilia Tanzania vita vilipofika mtaani kwetu Nyakabiga. Mama ni mgonjwa. Kila nikirudi ananiuliza kabla sijavua viatu, na kila mara jibu ni apana, mama.

Tatizo lilikuwa mchungaji mmoja wa kambi ya wakimbizi, mwenye majina mawili yale yale ya kaka yangu. Mahubiri, kwaya, maombi ya mfungo, kurasa tele. Siku ya kwanza kabisa nikamfuta: jina, alama ya kutoa, "mchungaji". Kaka yangu na uchungaji wapi na wapi? Yule aliyeuza redio ya mama anunue pombe ya ndizi, akaokotwa mtaroni akiwa na kiatu kimoja?

Baada ya hapo, sikupata kitu. Wiki baada ya wiki, sikupata kitu.

Leo Baba Saidi amenihurumia. "Dada, we unaweka alama mingi sana. Niambie tu jina ya mutu wako."

Nimemwachia kibodi ili nipate la kucheka tena. Akasema bismillahi kwa mdomo, akaandika majina mawili kwa kidole kimoja, basi.

Mchungaji akatokea wa kwanza, nami nikasonya. Baba Saidi akafungua ukurasa hata hivyo. Picha ikashuka polepole, kipande kwa kipande, kama kawaida ya mashine zile: paji la uso, macho, kisha sikio la kushoto lisilo na ncha.

Ncha hiyo aliing'oa mbwa wa jirani. Nilikuwepo, nilimfunga kaka jeraha kwa kanga ya mama.

Nimelia mbele ya watu wote. Baba Saidi hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Sasa nimesimama mlangoni kwetu, viatu miguuni. Mama amesikia hatua zangu, anauliza. Nitamwambia yu hai, ameokoka, anahubiri. Lakini nitamwambia pia kwamba miezi mitatu yote alikuwa pale, na aliyekuwa akimfuta ni mimi?