Mulango wa Kuingilia Tukiimba

Maman wangu mupendwa,

Kwanza niambie juu ya magoti yako. Ile dawa ya kupakaa niliyotuma ilisaidia, ao ulimupa jirani tena kama kawaida yako? Na Papa, analala vizuri, ao angali anasikiliza habari za vita ku redio mupaka betri zinakufa? Mimi, mwili ni muzima. Roho njo inachemka, na kama siandiki leo nitapasuka.

Unakumbuka nilikuambia juu ya ile sale, ukumbi wa muziki, yenye biro yetu ya kuchora majumba inachora. Muji huu ni wa zamani sana, nyumba za matofali zimebanana, na bakubwa ba muji banataka sale ya kisasa yenye inaweza kugeuka: leo orkestra, kesho dansi, kesho kutwa karamu ya ndoa. Viti vinaingia chini ya sakafu kwa mashini, kuta zinazunguka, plafo ya juu ya vichwa inapanda na kushuka. Kintu kimoja tu hakigeuki, ni komite ya kulinda majumba ya zamani. Paa lisipite la jirani. Tofali zifanane na zile za kale. Dirisha, hapana. Tunachora, banafuta, tunachora tena, banafuta tena. Nimechoka nabo mupaka hapa ku shingo.

Mimi balinipa milango. Nikachora mulango mukubwa wa mbele, wa kufungukia barabarani, na njia wazi katikati mupaka ku jukwaa. Upana niliupima na sekretere wetu. Nilimushika mukono tukapita koridori tukiyumba, bega kwa bega, vile korali yako inaingiaka ku kanisa: hatua mbili mbele, moja nyuma. Maskini, alizani nimelewa.

Juzi patron, mukubwa wa biro, akaweka karatasi yangu mbele ya bote, na bantu ba komite pia.

"Furaha, banamuziki banatokea nyuma ya jukwaa. Nani anaingia toka barabarani akiimba?"

"Maman wangu," nikajibu.

Bakacheka, Maman! Bote! Nikabaeleza: kwetu wimbo unaanzia inje, bantu bako ndani banausikia unakuja, banasimama hata bado habajabaona baimbaji. Sale yenye inageuka lakini haiwezi kupokea bantu bakiimba, inageuka ya nini? Patron akavuta karatasi karibu akaiangalia tena, nikazani nimemushinda. Halafu komite ikasema ukuta wa mbele ni wa nyumba ya zamani yenye ilikuwa pale, hautobolewi. Bon. Bakaziba mulango wangu na kalamu nyekundu, bakaenda kula. Nilienda ku choo nikalia kwa hasira.

Kurudi ku nyumba, nikakuta barua yako. Nikasema aksanti Mungu, Maman atanituliza. Kumbe! Unaandika kama kintu kidogo, kati ya bei ya samaki sambaza na mafua ya Papa: tangu vita ya Kongo, kila banapofunga kilalo cha Rusizi, ile daraja ya kutoka Kongo, bamaman ba korali benye kukaa Bukavu habavuki. Munabaki bane. Basi siku hizi munakaa mbele mapema, na wimbo munauanzia pale pale ku viti. "Bantu bane kuingia bakiyumba, ni haya," unasema.

Haya gani, Maman? Eti haya! Nimepigana na muji muzima juu ya mulango, kumbe huko Kamembe mulango uko wazi na hakuna mwenye kuupitia. Nimekukasirikia. Nisamehe, lakini nimekukasirikia. Najua vita si yako. Najua unaangalia nafasi ya Maman Nzigire pembeni yako, rafiki yako wa sauti ya pili, na hujui kama ni muzima kule ngambo. Lakini siku atavuka, aje mbio ku kanisa na pagne yake, kitenge cha korali, atabakuta ninyi munangojea wapi? Mumekaa ku viti?

Mulango wa hapa baliufunga, sina nguvu juu yabo. Huko kwako hakuna komite.

Mwambie Papa betri zinakuja. Nisalimie dada Esperance na batoto bake, na shangazi wa Nkombo, aache kupanda ile pirogi, mutumbwi unaovuja maji. Na bale bamaman batatu benye bamebaki nawe, basalimie mumoja mumoja.

Jumapili mutoke inje, Maman. Hata bane. Muanzie ku barabara, na muimbe kwa nguvu, Maman Nzigire asikie kule ngambo.

Mutoto wako mwenye hasira, mwenye kukupenda,

Furaha