Moyo Ulio Juu ya Kitovu

Baba Ombati,

Umelala vya kutosha, sasa sikiliza. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ulisema ngumbaru ni darasa la wazee wasio na kazi. Haya, soma uone aibu.

Mjukuu wetu Moraa amepita mtihani. Ni nesi kamili.

Ulipokuwa dresa, ukifunga vidonda hospitalini, daktari alisimama kando ya kitanda akatazama mwanafunzi anavyomshika mgonjwa. Siku hizi, mzee, mgonjwa ni wa karatasi. Unasoma shida yake, kuna visanduku vinne, unapaka kimoja penseli, halafu karatasi inapelekwa Nairobi kusahihishwa na kompyuta. Mimi nilicheka. Chuma kitajuaje mtoto ana mkono mwepesi? Lakini Moraa akaniambia hiyo mashine haijui yeye ni wa ukoo gani, na haichukui kuku. Hapo nikaacha kucheka.

Mwanao Ombati naye alishasema, binti yake akianguka arudi nyumbani kuchuma majani chai. Mtoto akakonda. Likizo ile akanilaza kitandani kwako nijifanye mgonjwa.

"Magokoro, unaumwa wapi?" akauliza, kama kwamba nyanya yake ni mgonjwa kweli.

Nikasema moyo. Mbio mbio akapaka kisanduku cha moyo. Nikamchapa kidole. Mimi nimeshika hapa juu ya kitovu, kama tunavyoshika wote huku kwetu tukisema moyo, na yeye macho yake yapo kwenye karatasi! Nikampa maneno yako wewe babu yake, Sokoro: "Uliza mkono wa mgonjwa kwanza, mdomo baadaye." Alicheka mpaka akaketi chini.

Basi siku ya mtihani akakuta swali: mama mzee wa kijijini analalamika moyo, njaa ikimshika unazidi, akinywa uji unatulia. Wenzake wengi walipaka moyo. Moraa akaweka penseli chini akajiuliza, mkono wa huyu mama uko wapi? Akapaka tumbo. Na ile mashine, ambayo haijawahi kuonja uji, ikakubali.

Sabato iliyopita alikuja na kofia yake nyeupe. Ombati anajidai utadhani ni yeye aliyeshika penseli. Mimi nikataka kumpima mwenyewe. Nikamwambia, Moraa, moyo unaniuma. Hakuuliza kitu, akatazama mkono. Safari hii ulikuwa kifuani hasa, kwenye kifungo cha lile koti lako ninalovaa asubuhi.

Akaniangalia sana. Akasema, "Maumivu hayo ni ya Sokoro," akaenda kupika chai.

Huyo anajua kazi, mzee.

Migomba kando ya kaburi lako imezaa. Pumzika, na usisumbue watu huko kwa kuwashika mapigo. Wiki ijayo Moraa ataleta wanafunzi wa unesi kutoka Nyamira wajifunze kwangu. Nitalala kitandani kwako, niseme moyo. Nakuahidi, hakuna atakayekunywa chai yangu kabla hajatazama mkono.

Ni mimi,
Mama Ombati