Baba Mkubwa Amezikwa Awendo

Dada Risper, pole kwa kumuuguza Baba.

Baba Mkubwa Ongweni alifia Awendo na akazikwa huko huko. Amenithibitishia mzee aliyekata miwa pamoja naye. Nilikuwa nimeulizia Ongweni na Ong'wen Migori nzima bila jibu. Msalabani wameandika Onguen, kama alivyoandikwa alipoajiriwa. Kifo chake kilitangazwa redioni kwa jina hilo, na nyumbani hakuna aliyejua kuwa ni yeye.

Leo nimepeleka habari kwa Shangazi Dorina, Rodi Kopany. Alinipakulia ugali na omena, akangoja nimalize, kisha akanitoa nje kwenye mvua hadi kwenye kaburi nyuma ya nyumba.

"Huyu ndiye ndugu yangu," akasema. "Tulimngoja hadi tukachoka. Mtu akipotea, sisi huzika tunda la yago, lile refu la mvungunya, mahali pake. Tukalizika, tukalia, tukanyoa."

Nikamwambia Baba anataka mifupa ya kaka yake iletwe nyumbani kabla yeye mwenyewe hajaondoka.

"Nyathina, mwanangu, hatuziki mtu mara mbili. Utaita kifo kingine." Kisha akauliza, "Huko Awendo, nani anampalilia kaburi?"

Nikasema hakuna. Alilia akiwa amesimama, na hata mkono wangu hakuutaka.

Mbembeleze Baba anywe uji, nawe upate usingizi. Wazee wa ukoo watakaa Jumamosi saa nne kuamua kama mifupa itahamishwa. Nitapiga simu Baba aseme nao mwenyewe.

Kaka yako, Tom